Mgongo wa Farasi na Mkono wa Tabibu
Kiropraktiki, yaani tiba ya kusukuma kwa mikono viungo vya uti wa mgongo ili virudishiwe wepesi wa kujongea, ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Iowa, Marekani, mwaka 1895 kwa ajili ya binadamu, na baadaye ikaanza kutumiwa kwa farasi, mnyama ambaye kwa kawaida ana pingili 18 za kifuani na 6 za kiunoni. Katika delta ya Rufiji na Kibiti, nchini Tanzania, tiba hiyo isingepata wa kutibiwa, kwa kuwa mbung'o hueneza nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu ulioangamiza farasi na baghala wengi mno wa jeshi la Waingereza katika mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia huko Afrika Mashariki, mwaka 1916 na 1917.

Mbeba mizigo wa pwani ya Afrika Mashariki, hususan Lamu nchini Kenya, ni punda, ambaye mgongo wake huumizwa zaidi na shehena iliyozidi na matandiko mabovu, kasoro ambazo mkono wa tabibu, hata uwe stadi namna gani, hauwezi kuzinyoosha. Ushahidi wa kisayansi kuhusu kiropraktiki ya farasi ungali haba. Kwa hiyo mwenye mnyama anayechechemea na amwite kwanza daktari wa mifugo.