Namba ya Zamu si Namba ya Kazi

Msikilizaji, mtu wa kandanda ukimtajia namba tisa anajua mara moja unamzungumzia nani. Ni mshambuliaji wa kati, na atabaki hivyo mpaka kipenga cha mwisho. Katika mpira wa wavu mambo ni tofauti. Huko namba ni mahali uwanjani, na wachezaji wote sita huzipitia kwa zamu.

Hesabu huanzia nyuma kulia, kwa yule anayeanzisha mpira. Huyo ni namba moja. Mbele yake, wavuni upande wa kulia, yupo namba mbili, katikati ya wavu, tatu, kushoto, nne. Tunarudi nyuma: kushoto ni tano, katikati ni sita. Timu inapowanyang'anya wapinzani haki ya kuanzisha mpira, wachezaji wake husogea nafasi moja kufuata mwendo wa mishale ya saa. Wa pili anakwenda kuanzisha, wa tatu anakuwa wa pili, na kuendelea.

Hadi hapo karibu kila mwanafunzi anajua. Matatizo huanzia kwenye kile ambacho wengi wanadhani sheria inasema, kumbe haisemi.

Nilikuwa Malolo, wilayani Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995 na ambayo siku hizi wengi wanaijua kwa ajili ya Namungo. Wasichana walikuwa wakicheza wavu kwenye uwanja wa vumbi, mistari imechorwa kwa majivu. Timu moja ilikuwa na msichana mrefu, mwenye mkono mzito kweli kweli. Lakini utaratibu wao ulikuwa kwamba yeyote aliyefika namba tatu ndiye anayewanyanyulia wenzake mpira. Basi kila alipofika katikati ya wavu, mahali ambapo wapinzani walipaswa kumwogopa, akawa anawanyanyulia wafupi, nao wakaugongesha wavuni. Zamu ikimrudisha nyuma, alisimama pale pale kama mlingoti. Sasa, ikiwa mchaguzi wa timu ya UMISSETA angekuwa amekaa pembeni siku ile, angeandika nini juu ya binti huyo?

Sheria haikumtaka afanye hivyo. Inachotaka ni kidogo sana. Mpira unapoanzishwa, mchezaji wa mbele awe karibu zaidi na wavu kuliko mwenzake wa nyuma yake: nne mbele ya tano, tatu mbele ya sita, mbili mbele ya moja. Kisha wa pembeni awe karibu zaidi na mstari wake wa pembeni kuliko yule wa katikati katika safu hiyo hiyo. Basi. Namba tatu hadaiwi lolote na namba moja. Na mpira ukishapigwa, kila mtu yuko huru kukimbilia anakotaka. Kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika mwaka 2025 zimelegeza zaidi: wanaobanwa ni wanaopokea tu; timu inayoanzisha inajipanga ipendavyo. Anayekosea mpangilio anawapa wapinzani pointi na mpira.

Ndiyo maana timu kubwa huwa na mnyanyuaji mmoja, anayeitwa seta, awe namba ngapi. Kwa Kenya, ambao wanawake wao wamefika Olimpiki mara nne, 2000, 2004, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024, kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na Jane Wacu. Seta akiwa namba moja, hujibanza nyuma ya namba mbili, na mpira ukipigwa tu anachomoka kwenda wavuni. Akiwa sita, hujificha nyuma ya namba tatu. Akiwa tano ndipo pagumu: namba nne inabidi asogee kabisa wavuni ili seta naye apate kusogea nyuma yake, halafu akate uwanja mzima kuelekea kulia. Timu nyingi za shule huvunjikia hapo, maana watoto wawili hugongana njiani.

Faida yake ni hesabu. Seta akitokea nyuma, mbele wanabaki wapigaji watatu. Akiwa mbele, wanabaki wawili, na hapo mpigaji wa nyuma husaidia, mradi aruke kabla ya mstari wa mita tatu. Lakini seta aliyetoka nyuma haruhusiwi kuzuia wavuni, wala kuusukuma kwa wapinzani mpira ulio juu ya wavu akiwa ndani ya mita hizo tatu. Vijana wengi huadhibiwa kwa hilo wakadhani mwamuzi ana chuki nao.

Kwa shule inayoanza, mimi ningeshauri njia ya zamani: waseta wawili, wapangwe kukabiliana katika mzunguko, hatua tatu kati yao. Mmoja akienda nyuma, mwingine anaingia mbele, na huyo wa mbele ndiye anayenyanyua. Hakuna mbio ndefu, wapigaji wawili wapo wavuni kila wakati, na mwalimu anafundisha watoto wawili tu kunyanyua mpira badala ya sita.