Dishoom: Mkahawa wa London uliojengwa kwa kumbukumbu za Bombay

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wafunge virago. Miongoni mwa walioishia Uingereza ni familia ya Thakrar. Mmoja wao, Rashmi Thakrar, alijenga huko biashara ya mchele wa basmati, Tilda.

Mwaka 2010 mwanawe, Shamil, na binamu yake Kavi, pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Radia, walifungua mkahawa Covent Garden, katikati ya London. Wakauita Dishoom, mlio wa ngumi katika filamu za Kihindi.

Walichoiga ni mikahawa ya Kiirani ya Bombay. Wazoroasta kutoka Iran walihamia mji huo karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakafungua mikahawa kwenye kona za mitaa: meza za marumaru, feni darini, chai ya maziwa na mkate wa siagi. Mlango ulikuwa wazi kwa wote. Mhindu, Muislamu na Mparsi walikunywa chai chini ya paa moja, tajiri na hamali vilevile.

Lakini watoto wa wenye mikahawa walisoma, wakashika kazi nyingine, na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kati ya michache iliyobaki ni Kyani & Co. ya 1904 na Britannia & Co. ya 1923.

Dishoom nayo ilipanuka: Shoreditch 2012, King's Cross 2014, kisha Edinburgh, Manchester na Birmingham. Kila tawi limetungiwa kisa chake. La King's Cross limejengwa kama ghala la reli la Bombay ya zamani. La Kensington limevaa sura ya Bombay ya miaka ya 1940, enzi za muziki wa jazz.

Muislamu akiingia asome menyu vizuri, maana kitafunio chao maarufu cha asubuhi ni naan yenye nyama ya nguruwe. Hata hivyo, Ramadhani ya 2015 ndipo walipoanza mpango wa kutoa mlo mmoja kwa mtoto mwenye njaa kwa kila mlo wanaouza.

Ndugu zangu, hebu tujitazame. Hapa Mombasa nasi tuna mikahawa ya mahamri na mbaazi, na mabaraza ya kahawa chungu. Mzee akifariki, mwanawe akienda Ghuba, mlango unafungwa, nasi twasikitika siku mbili kisha twasahau. Familia iliyopoteza makao mara moja ilijua thamani ya kumbukumbu, ikaifanya riziki. Sisi hatujafukuzwa na mtu, ila twaacha vyetu vipotee tukiwa papa hapa. Kama mjomba wako bado anajua kipimo cha hiliki, kaa naye leo uandike.