Kabla ya Kutoa Kalamu



Baadhi yenu mmetuuliza: tukitumwa kutafuta habari za mzee anayetishiwa kwa kudaiwa ni mchawi, twaanzaje? Hapa Kilifi wazee wengi wameuawa kwa shutuma hizo, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kule Ganze. Mara nyingi ukichimba wakuta ni ugomvi wa shamba. Lakini habari ya shamba hamtaambiwa kwa pupa.

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Tulifika kwa mama mmoja mzee tukiwa watu sita, faili mkononi, mtoto wake wa kiume kasimama mlangoni. Tukauliza, "Mama, nani alikutisha?" Akajibu, "Hakuna." Tukaandika hakuna, tukaenda zetu.

Mara ya pili walikwenda wawili tu, mmoja mwanamke. Wakapiga hodi, wakangoja, wakakaribishwa mkekani. Wakaulizwa habari za watokako, wakazitoa bila haraka. Wakamsaidia kupukuchua mahindi. Mwishowe mama mwenyewe akauliza, "Na ile karatasi yenu, mlimpa nani?" Kumbe hofu yake ilikuwa hapo! Wakamweleza karatasi yaenda wapi, nani ataisoma, na kwamba ana haki ya kukataa. Ndipo aliposema: aliyemtisha ni yule aliyekuwa mlangoni.

Basi angalieni nani yuko karibu kabla ya kuuliza. Kisha mpeni mtu nafasi: "Hebu tueleze siku ile ilivyokuwa." Nyamazeni, hata akikawia. Msimwambie, "Ni fulani, sivyo?" Mwenye hofu ataitikia lolote ili muondoke, na mtu asiye na hatia atashikwa. Wala msiahidi siri kama jambo lenyewe ni la kufika polisi. Akija kujua mlimdanganya, hatawafungulia mlango tena, na jirani zake pia.

Mnakumbuka Shakahola, mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Miongoni mwa waliookolewa wako waliokataa kula na kuongea. Mtu wa namna hiyo ukimkemea wamfunga kabisa.

Anayeshukiwa naye asalimiwe vilevile na apewe kiti. Wengine watanung'unika kwamba twambembeleza mhalifu. La. Sheria ya ushahidi ya Kenya haikubali maungamo yaliyotolewa kwa vitisho, na Kanuni za Méndez, zilizotolewa na wataalamu wa nchi mbalimbali mwaka 2021, zasema kuaminiana ndiko huleta habari za kweli. Kumkamata ni kazi ya polisi na kumshtaki ni kazi ya waendesha mashtaka wa umma, si ya kikundi.

Maneno ya mama tuliyaandika baadaye, tukamsomea, akasahihisha mawili. Jioni ileile alihamia kwa binti yake, nasi tukaifikisha taarifa polisi kwa mikono yetu.