Mashine Kuukuu ya Randa: Namna ya Kuifungua na Kuifunga Tena

Mji wa Likasi, ambao hata mwaka 1966 uliitwa Jadotville, ulikuzwa na shaba, na watu wake wamezoea mlio wa chuma tangu utoto. Si ajabu basi kwamba maseremala wake hawaogopi mashine. Ufundi huu si wa jana katika Katanga: Wasalesiani walipofika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, useremala ulikuwa mojawapo ya kazi walizowafundisha vijana. Tena, miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kazini, baba wengi wa nyumba ilibidi watafute riziki kwa mikono yao wenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo mashine ya randa, hata ikiwa kuukuu, ni shamba lake.

Twasema kuukuu, wala hatusemi mbovu. Mwili wake ni wa chuma cha kumimina, na chuma hicho hakizeeki upesi. Vinavyochakaa ni beringi, visu na mikanda, na hivyo vyote vyatengenezeka. Tuonavyo sisi, mashine nyingi hazifi kwa uzee, bali hufa mikononi mwa fundi mwenye haraka.

Kazi yake ni kuupa ubao unene mmoja toka mwanzo hata mwisho. Ubao hulala juu ya meza iwezayo kupandishwa na kushushwa. Rola ya mbele, yenye meno, huuvuta ndani. Mhimili wenye visu viwili, vitatu au vinne huuranda juu. Rola laini ya nyuma huutoa. Mbele ya visu kuna chuma kizito kinachokandamiza ubao ili usipasuke, na nyuma yake kingine kinachouzuia usirukeruke.

Kabla ya kufungua nati hata moja, mwenye akili hupiga alama. Vifuniko vya beringi vya kushoto na vya kulia visichanganywe kamwe. Chini ya vifuniko hivyo mara nyingi kuna vijibati vyembamba kama karatasi. Wengi huvidhania takataka, wakavitupa pamoja na maranda. Kumbe ndivyo vinavyoupa mhimili nafasi ya kuzunguka! Vitiwe katika kopo, kila upande na kopo lake. Chuma chenye kutu kioshwe kwa mafuta ya taa, mbali na moto.

Mashine za zamani sana hazina beringi za gololi. Mhimili wao huzunguka juu ya madini laini aliyoyabuni Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839, mchanganyiko wa madini ya bati, antimoni na shaba kidogo. Yakiisha, humiminwa mengine papo hapo. Mhimili hufukizwa moshi wa taa uwe mweusi, madini yasiushike; pembeni huzibwa kwa udongo; kisha yote hupashwa moto hata unyevu uishe kabisa. Hapa twaomba msomaji asipite upesi: tone moja la maji likikutana na madini yaliyoyeyuka, hulipuka na kumrukia mtu usoni. Fundi hupima joto kwa kijiti kikavu; kikigeuka rangi kuwa cheusi pasipo kuwaka, ni tayari, naye humimina mara moja bila kusita. Kazi hiyo ni ya uwanjani. Madini mengi ya namna hiyo yana risasi ndani yake, nayo ni sumu. Akina mama wasikubali hata siku moja sufuria ya nyumbani ichukuliwe kwa kazi hiyo.

Visu vinolewe vyote kwa pembe moja, tena viwe na uzito mmoja, ama sivyo mashine itatetemeka na kuziua beringi mpya. Vikirudishwa, vyote vichomoze sawasawa. Bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, si moja kwa nguvu zote na nyingine baadaye. Kisha zipitiwe tena mara ya pili. Mhimili wenye upana wa sentimeta 10, ukizunguka mara 4,500 kwa dakika, ncha ya kisu chake hukimbia zaidi ya kilometa 80 kwa saa. Kisu kilicholegea kwa mwendo huo hakimtafuti mwenye kosa. Humpata yeyote aliyesimama karibu, na pengine ni mtoto aliyekuja kuokota maranda ya kuwashia moto.

Rola zenye kuvuta zikae karibu milimeta 1 chini ya ncha za visu. Zile za mezani zichomoze kidogo mno, chini ya nusu milimeta. Zikizidi, mashine itaung'ata ubao penye ncha zake.

Yabaki mambo ya umeme. Tangu mwaka 1930 maji ya mto Lufira huko Mwadingusha yamezungusha mitambo ya kutoa umeme, lakini kukatika kwake kila mtu wa Katanga akujua. Mota ya nyaya tatu ikikosa mmoja huungua. Nyaya mbili zikibadilishana mahali, huzunguka kinyume. Kwa hiyo mkanda usivikwe kwanza. Mota iwashwe kidogo, itazamwe yazunguka upande gani, izimwe, ndipo mkanda uvikwe na kifuniko kirudishwe.

Ubao wa kwanza uwe wa mti laini, urandwe kidogo tu, kisha upimwe pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi unene, meza haijalala sawa, nayo irekebishwe. Mninga na miti mingine migumu ya pori letu ingoje kwanza.