Nta ya nyuki na daftari

Wengi hukamua asali na kutupa masega. Yachemsheni ndani ya maji, chujeni kwa kitambaa; maji yakipoa, nta itaelea juu imeganda.

Sasa vidonge vya harufu, visivyo na utambi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye digrii 62 hadi 64. Isikae juu ya moto yenyewe: weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ikishika moto usimwage maji hata tone, moto utaruka. Funika kwa kifuniko. Ikiisha kuyeyuka, itoe motoni, tia gramu 6 za mafuta ya mchaichai kwa gramu 100 za nta, koroga, mimina ndani ya vifuniko vya chupa. Kesho yake kidonge kinawekwa katika kibakuli cha udongo juu ya mshumaa mdogo, nyumba inanukia.

Lakini ugomvi hauanzii kwenye sufuria. Mmoja ameleta masega, mwingine makala, wa tatu mafuta. Siku ya mauzo kila mtu anadai, na kabila linatajwa upesi. Basi kabla ya kuwasha moto andikeni: nani ameleta nini, faida itagawanywa namna gani. Sheria yetu ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inasema mapatano halali ni sheria kwa wale walioyafanya. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mashahidi, ndipo atie kidole. Daftari likae kwa mmoja, fedha kwa mwingine.