Uzito wa Kifyatuo cha Bunduki ya Mashindano

Wasikilizaji, jioni hii nataka kuwaelezeni jambo moja dogo katika mchezo wa kupiga shabaha, nalo ni uzito wa kifyatuo. Kifyatuo ni kile chuma kidogo kilichopindwa chini ya bunduki, ambacho mpigaji hukivuta kwa kidole cha shahada ili risasi itoke. Tusemapo uzito wake, hatusemi uzito wa chuma chenyewe kikiwekwa katika mizani. Twasema nguvu itakiwayo kukivuta hata kikaachilia. Kama chaachilia kinapotundikwa jiwe la ratili 5, basi uzito wake ni ratili 5.

Huenda mtu akauliza, Je, hilo ni jambo la kusumbukia? Si mtu huvuta tu, na risasi ikatoka? Jibu laonekana katika habari moja ya Uingereza. Tarehe 2 Julai 1860, Chama cha Taifa cha Bunduki, kilichoundwa mwaka uliotangulia, kilifungua mashindano yake ya kwanza katika uwanda wa Wimbledon, karibu na London. Malkia Victoria ndiye aliyepiga risasi ya kwanza. Bunduki ya Whitworth, fundi mashuhuri wa siku zile, ilikazwa imara juu ya kiweko, ikalengwa tayari shabaha iliyokuwa mbali yadi 400, na kifyatuo kikafungwa kamba ya hariri. Malkia akavuta kamba, na risasi ikaingia karibu sana na kitovu cha shabaha, ikakikosa kwa inchi moja na robo tu. Wenye sifa ni wale waliokaza bunduki na kuilenga. Kwa kuwa haikuweza kutikisika, kifyatuo chake kingalikuwa kizito au chepesi, mambo yangalikuwa yale yale.

Lakini mashindano ya kweli hayapigwi juu ya kiweko. Mpigaji ni nyama na damu. Apumua, moyo wake wapiga, na mkono uleule ushikao bunduki ndio wenye kidole kivutacho. Hapo ndipo uzito wa kifyatuo unapoanza kuwa na maana.

Angalieni hesabu hii. Bunduki ya Lee-Enfield, ambayo majeshi ya Kiingereza yaliitumia katika vita viwili vikuu, ina uzito wa karibu ratili 9. Kifyatuo chake chahitaji nguvu ya ratili 5 au 6 kabla ya kuachilia. Basi mpigaji atakiwa kutuliza kitu cha ratili 9, huku akikivuta kwa nguvu ipitayo nusu ya uzito huo. Ni kama kumwambia mtu achukue mtungi uliojaa maji bila kumwaga hata tone, na huku akamue limau kwa mkono uo huo. Na kosa dogo huwa kubwa likisafiri. Tuseme bunduki ina urefu wa meta moja, na mdomo wake umesukumwa kando nusu ya milimeta tu, risasi inapotoka. Katika shabaha iliyo mbali meta 300, risasi itapotea sentimeta 15. Katika mashindano ya mataifa, duara la alama 10 la shabaha hiyo lina upana wa sentimeta 10 tu, yaani sentimeta 5 kutoka katikati mpaka ukingoni.

Mtu akisikia hayo atasema, Basi na tukifanye kifyatuo kiwe chepesi kabisa. Wengi wamefanya hivyo. Wapigaji wa Ujerumani na Uswisi tangu zamani walikuwa na bunduki zenye vifyatuo viwili: kimoja huvutwa kwanza ili kutega mtambo, na cha pili huguswa kidogo tu, risasi ikatoka. Katika mashindano ya bunduki ya hewa ya meta 10, ambayo alama 10 ni kitone cha nusu milimeta, sheria za chama cha mataifa haziweki mpaka wa wepesi. Wako wapigaji watumiao kifyatuo cha gramu 100 au pungufu, yaani kama uzito wa mayai mawili ya kuku.

Lakini wepesi nao una gharama yake. Kidole kina hisia, na hisia hiyo huhitaji kitu cha kupingana nacho. Mgeni wa mchezo akipewa kifyatuo cha gramu 100, hajui amekigusa lini. Bunduki hulia kabla hajamaliza kulenga, naye hushtuka. Baada ya kushtuka mara tatu au nne aanza kuogopa kugusa, na mpigaji anayeogopa kifyatuo chake hufumba macho na kukaza bega. Nimeona watu wakilaumu macho yao, au risasi, au upepo, na kumbe ugonjwa ulikuwa katika kidole. Tena yako mambo ya baridi, jasho na uchovu, ambayo hupunguza hisia za kidole bila mwenyewe kujua.

Kwa sababu hizo mashindano mengi yana sheria ya uzito mdogo kabisa unaoruhusiwa. Chama cha mataifa cha mchezo wa shabaha, kilichoanzishwa mwaka 1907, chataka kifyatuo cha bunduki ya kawaida ya meta 300 kisipungue gramu 1500, ambazo ni ratili tatu na robo na zaidi kidogo, na vile vifyatuo viwili vya kutegwa haviruhusiwi katika shindano hilo. Huko Marekani, atumiaye bunduki ya jeshi ya zamani iitwayo Garand hutakiwa awe na kifyatuo kisichopungua ratili nne na nusu. Mfano unipendezao mimi zaidi ni ule wa nchi za baridi, ambako watu hukimbia juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, bunduki ikiwa mgongoni, kisha husimama wakapiga shabaha tano zilizo mbali meta 50. Kifyatuo chao hakiruhusiwi kupungua gramu 500. Fikirini hali ya mtu yule: anatweta, moyo wamwenda mbio, vidole vimekufa ganzi. Kifyatuo cha uzito wa mayai mawili, katika kidole kama hicho, kingekuwa hatari kwake na kwa wenziwe.

Wala msidhani kwamba kifyatuo kizito chataka mtu mwenye misuli. Mwaka 1930, katika uwanja wa Bisley ambako chama kile cha Wimbledon kilihamia mwaka 1890, Bibi Marjorie Foster alishinda Tuzo ya Mfalme, akawa mwanamke wa kwanza kuipata, na alishindana na wanaume wengi waliokuwa askari. Kidole cha mtu yeyote mwenye afya kina nguvu ya kuvuta ratili 6. Shida ni kuvuta polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma, bila kuvuta upande.

Sasa tufike penye kiini cha mazungumzo yetu. Ukitaka kuchagua, usitazame uzito peke yake. Tazama na usafi wa mwendo. Ndani ya bunduki mna jino la chuma lishikalo sindano isiruke mbele. Kifyatuo hulitelezesha jino hilo mpaka likaachilia. Kama nyuso za chuma zigusanazo ni laini na sawa, mpigaji huhisi uzito ukiongezeka, kisha ghafula kifyatuo chaachilia, kama kijiti kikavu kivunjikavyo. Kama nyuso hizo zina mikwaruzo, kifyatuo husogea, hukwama, husogea tena, na mpigaji hujaribu kubahatisha lini kitaachilia. Kifyatuo safi cha kilo moja na nusu ni bora kuliko kifyatuo kichafu cha nusu kilo. Lee-Enfield hutatua jambo hili kwa mivuto miwili: wa kwanza ni mwepesi na mrefu, nao huondoa sehemu kubwa ya mwendo wa jino, kisha kidole hukutana na kizuizi, na mvuto wa pili ni mfupi na mzito. Askari aliyefundishwa vema huvuta wa kwanza wakati anapoanza kulenga, hukaa hapo, na huumaliza wa pili pumzi inapotulia.

Kupima si kazi ngumu. Bunduki ikaguliwe kwanza, ihakikishwe kwamba haina risasi, kisha mtambo utegwe. Isimamishwe wima, mdomo juu. Jiwe la uzito unaojulikana likae sakafuni, na kulabu yake itiwe katikati ya kifyatuo. Kisha bunduki iinuliwe polepole mpaka jiwe liache sakafu. Kama mtambo haukufyatuka, kifyatuo kina uzito huo au zaidi. Waamuzi wa mashindano hupima kwa njia hiyo, nao huruhusu majaribio matatu.

Katika kuchagua, shauri langu ni kwamba mwenye kuanza ashike kilo moja na nusu, hata kama mashindano yake yaruhusu pungufu. Aweke sarafu bapa juu ya mdomo wa bunduki tupu, alenge ukutani, avute. Sarafu ikianguka, mkono umetikisika. Atakapoweza kuvuta mara ishirini mfululizo bila sarafu kuanguka, na apunguze kidogo, kisha arudie. Alalaye kifudifudi, bunduki ikitegemea viwiko, huweza kuvumilia uzito zaidi. Asimamaye hutamani wepesi, kwa kuwa bunduki yake haitulii kamwe na nafasi ya kufyatua hupita upesi. Akifika mahali ambapo risasi hutoka kabla hajakusudia, amepita mpaka wake, naye arudi nyuma.

Kupunguza uzito ni kazi ya fundi wa bunduki. Wako watu ambao huchukua tupa wakalisugua lile jino nyumbani. Kwa siku chache hufurahi, maana kifyatuo kimekuwa laini kama samli. Lakini katika bunduki nyingi za zamani ugumu wa chuma kile uko juu tu, kama ganda. Tupa ikiliondoa ganda, chuma laini cha ndani huanza kulika, na kifyatuo huzidi kuwa chepesi chenyewe siku hata siku, mpaka siku moja mtu anafunga mtambo kwa nguvu, kidole kikiwa mbali, na risasi inatoka.

Kwa hiyo mtu akinunua au kuazima bunduki ya mashindano iliyokwisha kutengenezwa na mwingine, na aijaribu kwanza ikiwa tupu. Autege mtambo na kuufunga kwa kishindo mara kumi. Kisha agonge tako lake chini, juu ya ubao au mkeka mnene, na aligonge ubavuni kwa kiganja. Sindano ikiruka hata mara moja, bunduki hiyo isitiwe risasi mpaka fundi ameifungua na kulitazama jino.