KUONA NYUMA YA GARI

Lori limeleta saruji shuleni. Mifuko imekwisha kushushwa, na sasa dereva anataka kurudi nyuma ili ageuze. Kabla hajatia gia, utingo anateremka. Anasimama kando ya lori, mahali ambapo dereva anaweza kumwona katika kioo, kisha anapaza sauti: "Rudi! Rudi! Kata kulia! Hapo hapo, simama!"

Dereva huyu ana macho mazuri, na lori lake lina vioo viwili vikubwa. Kwa nini basi anahitaji macho ya mtu mwingine?

Katika somo hili utajifunza kwa nini dereva hawezi kuona kila kitu kilicho nyuma ya gari lake. Utajifunza pia jinsi kamera ndogo inavyoweza kufanya sehemu ya kazi ya utingo, na mahali ambapo kamera hiyo hushindwa.

1. Eneo lisiloonekana

Umekwisha kujifunza kuwa tunaona kitu wakati mwanga unapotoka kwenye kitu hicho na kuingia machoni mwetu. Umejifunza pia kuwa mwanga husafiri katika mstari ulionyoka. Ukikutana na ukuta, haupindi kona kuuzunguka. Kwa hiyo kitu kilichofichwa na ukuta hakionekani, hata kama kipo karibu sana.

Jaribio la 1

Vifaa: meza, kiti, kipande cha chaki, na futi ya kupimia.

Njia: Weka kiti mbele ya meza, ukikae, na utazame mbele juu ya meza. Usiinuke wala usiinamishe kichwa. Mwenzako aweke chaki sakafuni, upande wa pili wa meza, karibu kabisa na miguu ya meza. Kisha aisogeze chaki polepole kwenda mbali nawe. Mara utakapoiona, sema "Naiona!" Pimeni umbali kutoka ukingo wa meza hadi kwenye chaki.

Chaki ilipokuwa karibu na meza hukuiona. Ilipokwenda mbali zaidi, uliiona. Katika daftari lako chora jicho lako, meza na chaki. Chora mstari ulionyoka kutoka jichoni, upite kwenye ukingo wa meza, hadi sakafuni. Sehemu yote iliyo chini ya mstari huo ni eneo lisiloonekana.

Kila gari lina eneo kama hilo, na gari likiwa kubwa, eneo hilo huwa kubwa pia. Mtu mzima akisimama nyuma ya gari dogo, pengine dereva ataona kichwa chake. Lakini mtoto mdogo anayechutama kuokota mpira wake huwa kama chaki ile: yupo karibu sana, na haonekani kabisa.

2. Gari lisilo na utingo

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini watu wengi husafiri wakati wa likizo kwa gari-nyumba. Hili ni gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko, meza, tangi la maji, na mara nyingi choo. Familia hulala humo na kupika humo, na asubuhi huendelea na safari. Pengine umewahi kuona gari la namna hiyo likipita na watalii.

Gari-nyumba kubwa laweza kuwa na urefu wa mita 7 na kimo cha mita 3. Nyuma yake, mara nyingi, ni ukuta mtupu au ukuta wenye dirisha dogo. Dereva akitazama kioo cha ndani, kile kilicho juu ya kichwa chake, haoni barabara. Anaona jiko lake na vitanda vyake!

Vioo vya pembeni humsaidia. Vingine ni vioo bapa. Vingine ni vioo mbinuko, yaani vimebenuka kidogo kuelekea nje kama mgongo wa kijiko. Kioo mbinuko huonyesha eneo pana kuliko kioo bapa, lakini hufanya vitu vionekane vidogo na kana kwamba viko mbali. Hata hivyo, vioo vya aina zote mbili huonyesha pande za gari tu. Havionyeshi nafasi iliyo nyuma ya ukuta. Na gari-nyumba halina utingo. Ndiyo sababu madereva wengi wa magari hayo hufunga kamera ya nyuma.

3. Kamera huonaje?

Kamera ya nyuma ni ndogo. Yaweza kutoshea katika kiganja chako. Mbele yake ina lenzi mbinuko. Lenzi hiyo hukusanya mwanga unaotoka kwenye vitu na kufanya taswira ndani ya kamera. Taswira hiyo huwa kichwa chini, miguu juu.

Katika kamera za zamani taswira ilianguka juu ya filamu. Katika kamera hii huanguka juu ya kibamba cha silikoni kilicho kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba chako. Kibamba hicho kina vipokezi vingi mno vya mwanga, vidogo sana, vilivyopangwa kwa safu. Kipokezi kinachopata mwanga mwingi hutoa umeme zaidi. Kinachopata mwanga hafifu hutoa kidogo. Umeme huo huchukua habari za picha hadi kwenye skrini iliyo mbele ya dereva, na huko picha huonyeshwa miguu chini, kichwa juu.

Wazo la kuona nyuma kwa kamera si geni. Mwaka 1956 kampuni ya Buick ya Marekani ilionyesha gari la majaribio, lililoitwa Centurion, lenye kamera ya televisheni nyuma. Lakini kamera za wakati ule zilikuwa kubwa na ghali. Mwaka 1969 wataalamu wawili, Willard Boyle na George Smith, walibuni kibamba cha silikoni cha kupokea mwanga, na kwa kazi hiyo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Vibamba vya namna hiyo vilifanya kamera ziwe ndogo na za bei nafuu.

Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria kuhusu jambo hili, kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakikanyagwa na magari yanayorudi nyuma. Mara nyingine dereva alikuwa mzazi wa mtoto mwenyewe. Tangu Mei 2018 kila gari jipya nchini humo lenye uzito usiozidi kilo 4,500 hivi, pamoja na mzigo wake, hutakiwa kuwa na kamera ya nyuma. Magari makubwa zaidi hayamo katika amri hiyo. Kwa hiyo wenye magari-nyumba makubwa hufunga kamera kwa hiari yao.

4. Kufunga kamera

Fundi huanza kwa kuondoa waya kwenye betri, ili umeme usipite wakati wa kazi. Kisha hufuata hatua hizi:

(a) Huweka kamera juu, katikati ya ukuta wa nyuma, na kuielekeza chini kidogo. Hupenda ukingo wa bampa uonekane chini kabisa ya picha. Kwa njia hiyo dereva hujua gari lake linaishia wapi.

(b) Hutoboa tundu dogo ukutani na kupitisha waya. Tundu huzibwa vizuri kwa mpira na gundi isiyopitisha maji, kwani mvua ikiingia itaozesha ukuta.

(c) Hupitisha waya ndani ya gari hadi mbele na kuufunga imara, usikatwe na ncha za vyuma. Kamera nyingine hazina waya mrefu. Hupeleka picha kwa mawimbi ya redio, lakini mawimbi hayo huweza kuvurugwa na vyombo vingine.

(d) Huweka skrini mbele ya dereva, mahali asipolazimika kugeuza kichwa sana.

(e) Huunganisha kamera na umeme wa taa ya kurudi nyuma. Gari likitiwa gia ya nyuma, swichi hufunga mzunguko wa umeme, taa nyeupe huwaka, na papo hapo kamera na skrini hupata umeme. Katika njia ya umeme fundi huweka fyuzi. Umeme ukizidi, waya wa fyuzi huyeyuka na kukata mzunguko kabla nyaya hazijaungua.

Jaribio la 2

Vifaa: betri kavu ya tochi, balbu ya tochi, nyaya tatu, kipande cha bati, ubao mdogo na misumari miwili.

Njia: Pigilia misumari ubaoni, mmoja mbali kidogo na mwingine. Unganisha betri, balbu na misumari kwa nyaya. Sasa gusisha bati kwenye misumari yote miwili. Balbu huwaka. Ondoa bati. Balbu huzimika. Bati lako ni kama gia ya nyuma, na balbu ni kama kamera. Usifanye jaribio hili kwa betri ya gari. Umeme wake una nguvu ya kukuunguza.

5. Kulia na kushoto

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Dereva hutazama mbele, lakini kamera hutazama nyuma.

Jaribio la 3

Njia: Wanafunzi wawili wasimame mgongo kwa mgongo. Wa kwanza ni dereva, wa pili ni kamera. Mwanafunzi wa tatu ni mti. Asimame nyuma ya dereva, upande wa mkono wa kulia wa dereva. Sasa muulize kamera: "Mti uko upande gani?" Kamera atajibu: "Kushoto kwangu." Kisha mpe dereva kioo kidogo, atazame nyuma bila kugeuka. Ataona mti katika upande wa kulia wa kioo.

Kama skrini ingeonyesha picha vile vile ilivyoonwa na kamera, mti ulio kulia ungeonekana kushoto. Dereva angepeleka nyuma ya gari upande wa kulia ili aukwepe, naye angeugonga! Kwa sababu hiyo kamera ya nyuma hutengenezwa igeuze picha, kulia kuwe kushoto na kushoto kuwe kulia. Ndipo skrini huonyesha kama kioo kinavyoonyesha.

6. Kuitumia kamera

Lenzi ya kamera hii huona eneo pana, lakini, kama kioo mbinuko, hufanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo. Dereva mwangalifu hujifunza kwanza. Husimamisha gari mahali tambarare, huweka fimbo chini mita 1 nyuma ya gari, na nyingine mita 2, kisha hutazama zinaonekana wapi katika skrini. Baada ya hapo hujua umbali kwa kutazama tu.

Kamera ina upungufu wake. Tope likiifunika lenzi, picha hupotea. Jua la jioni likiipiga, picha huwa nyeupe. Usiku, kamera nyingine hutoa miali ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni ila kibamba cha kamera huiona. Lakini miali hiyo haifiki mbali. Tena, kamera inayotazama chini haioni tawi la mti lililo juu. Gari lenye kimo cha mita 3 laweza kupasuka paa huku skrini ikionyesha njia nyeupe.

Zaidi ya yote, kamera haisimamishi gari. Anayelisimamisha ni dereva mwenye kutazama. Ndiyo maana dereva mzuri huteremka kwanza, hulizunguka gari lake, kisha hupanda na kurudi nyuma polepole, akitazama skrini na vioo vyote viwili. Mwenye utingo amtumie utingo wake.

Na wewe unayetembea kwa miguu, kumbuka kanuni ya mwanga. Njia inayoleta mwanga kutoka uso wa dereva hadi machoni mwako ndiyo hiyo hiyo inayopeleka mwanga kutoka kwako hadi kwake. Kwa hiyo, ukiwa karibu na gari na huuoni uso wa dereva, ama waziwazi ama katika kioo chake, basi yeye pia hakuoni. Ondoka hapo. Mpira ukiingia nyuma ya gari lenye dereva, usiufuate; mwambie mtu mzima. Ukiona taa nyeupe inawaka nyuma ya gari, ujue gia ya nyuma imetiwa. Mshike mkono mdogo wako, mwondoke upesi.

Mambo ya kukumbuka

Mwanga husafiri katika mstari ulionyoka. Kwa hiyo kila gari lina eneo lisiloonekana na dereva. Vioo hupunguza eneo hilo, nayo kamera hulipunguza zaidi. Hakuna chombo kinacholiondoa lote.

Maswali

1. Kwa nini kioo cha ndani hakimsaidii dereva wa gari-nyumba kuona barabara iliyo nyuma?
2. Eleza tofauti mbili kati ya kioo bapa na kioo mbinuko.
3. Kamera huwaka wakati gani? Eleza njia ya umeme wake.
4. Kwa nini picha ya kamera ya nyuma hugeuzwa?
5. Pamoja na mwalimu wako, liendeeni gari lililosimama, lililozimwa injini na lenye dereva wake. Dereva akae kwenye kiti chake. Mwalimu aweke ndoo nyuma ya gari na kuisogeza mpaka dereva aione. Pimeni umbali huo. Ni wanafunzi wangapi wa darasa la kwanza wangeweza kukaa katika eneo hilo bila kuonekana?